Misumari Mdomoni

Fundi viatu akiwa na misumari mdomoni haulizwi swali refu. Mtaa mzima ulilijua hilo. Ukija na kiatu chako ukamkuta Fundi ameibana misumari yake kati ya midomo, unaeleza shida yako, naye anakujibu "mm" kwa ndiyo na "mm-mm" kwa hapana, na biashara inakwenda. Watu walimpenda kwa hilo. Siku hizi fundi asiyepiga domo utampata wapi?

Na kwa "mm" na "mm-mm" hizohizo ndivyo alivyokuwa akimsomesha mkewe.

Kila alasiri Mama watoto alirudi kutoka ofisi ya ardhi, alikokuwa kibarua wa usafi. Alivua viatu, akanywa maji, kisha akatoka na kigoda chake mpaka kwenye kibanda cha mumewe, mabati matatu yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa chumba chao. Mkononi alikuwa na kitabu cha maswali na majibu ya historia na jiografia ya nchi. Alikifungua kwenye ukurasa aliousoma ofisini wakati wa mapumziko, akakiweka mapajani mwa mumewe juu ya aproni ya ngozi, akakaa, akafumba macho.

"Haya, sikiliza kama nimeshika. Reli ya kwanza mkoloni aliijenga ili kupeleka askari mpakani."

Fundi aliinamisha kichwa juu ya kitabu, akatulia kidogo. "Mm."

"Mto mrefu kuliko yote unaanzia milima ya magharibi, unapita mikoa... minne?"

"Mm-mm."

"Mitatu!"

"Mm."

Mama watoto akafumbua macho, akapiga makofi. "Baba watoto, ningempata mwalimu kama wewe utotoni, leo ningekuwa waziri. Wallahi tena!"

Fundi alikirudia kiatu chake na kuanza kugonga. Katika ukurasa ule hakuwa ameona hata herufi moja.

Kwa mwaka mzima macho yake yalikuwa yakiingia ukungu. Watu bado aliwatambua, kwa mwendo na kwa sauti, lakini vitu vidogo vilikuwa vimeanza kumkimbia. Siku moja alifunga kibanda mapema akaenda zahanati peke yake. Daktari akamwambia ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na dawa yake ni upasuaji, kisha akamtajia bei. Fundi alisema ahsante, akavaa kofia, akarudi nyumbani. Hakumwambia mtu. Kazi yenyewe vidole vyake viliijua. Soli ikiwa imeachia, kidole gumba kinakwambia imeachia wapi. Ila herufi hazipapaswi.

Sasa utauliza, kwa nini asiseme? Mwulize mwanamume yeyote aliyewahi kuwa msomi wa nyumba. Fundi alikuwa amefika kidato cha pili, mkewe aliishia darasa la sita, na tangu waoane barua zote, risiti zote na matangazo yote yalipita mikononi mwa Fundi. Mama watoto alijivunia jambo hilo mbele ya majirani kuliko alivyojivunia kabati lao la vyombo. "Mimi mume wangu anasoma hata yale maandishi madogo ya chini," alikuwa akisema. Siku ya kwanza alipoleta kitabu, alitamka jibu lake kwa sauti ya uhakika kabisa, na Fundi alikuwa na misumari mdomoni, na "mm" ikamtoka kabla hajafikiri. Mkewe akafurahi. Furaha hiyo alikuwa hajaiona usoni mwake siku nyingi.

Basi akajitengenezea njia. Amekaa na huyu mwanamke mpaka watoto wamekua, wameoa na kuolewa na kuondoka. Sauti yake anaijua ndani nje. Sauti ikipanda mwishoni, ana wasiwasi: "mm-mm." Sauti ikitua chini, anajua: "mm." Wakati mwingine hata yeye mwenyewe alijisahau, akaona kweli anafundisha.

Mambo yenyewe hayakuwa mchezo. Ofisi ya ardhi ilikuwa imebandika tangazo: vibarua wote waliokaa muda mrefu watafanya mtihani wa utumishi. Atakayefaulu anaajiriwa moja kwa moja, mshahara wa mwezi, likizo, pensheni. Atakayeanguka anapewa shukrani na kurudi kwake. Na kwa umri wa Mama watoto hakukuwa na mwaka kesho. Ilikuwa mara hii au basi. Wenzake wa usafi walicheka mpaka wakashika mbavu. "Hata ufagio nao unataka jiografia?" Lakini serikali ikishasema, imesema.

*

Wa kwanza kunusa jambo alikuwa mama mmoja wa nyumba ya jirani, aliyekuja na kiatu ameking'ang'ania kama ushahidi.

"Fundi, hebu nisaidie. Hiki kiatu ni cheusi, au mimi ndiye sijui rangi?"

"Ni cheusi," alisema Fundi, maana alikumbuka alivyokipokea.

"Na huu uzi?"

Fundi akaupapasa kwa kidole gumba.

"Ni wa kahawia! Umenishonea kiatu kikawa na kovu. Nimekwenda nacho msibani, watu wanaacha kulia wananitazama miguu."

Mama watoto, aliyekuwa kwenye kigoda chake, alicheka, kisha akajizuia kwa heshima. "Dada, samahani. Atakuwa alichanganya vibobini vya uzi. Kazi zimemzidi siku hizi, na jioni ananisomesha mimi."

"Nipe nikirudie bure," alisema Fundi. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

"Bure lazima!" Yule mama akakiacha kiatu na kwenda zake akiguna. Mama watoto akainuka, akachagua kibobini cha uzi mweusi katika kopo, akamwekea mumewe mkononi bila kusema neno. Kisha akarudi kwenye masomo yake.

"Makao makuu ya nchi yalihamishwa," alisema akiwa amefumba macho, "ili yawe katikati, kila mkoa uyafikie."

Sauti ilitua vizuri kabisa. Lakini Fundi akakumbuka: wiki iliyopita, katika swali hilohilo, mkewe alisema yalihamishwa kwa sababu ya mafuriko ya pwani. Na sauti ilitua vilevile. Na yeye akasema "mm."

Akaitoa misumari mdomoni.

"Mama watoto."

"Bee."

"Hivi... hilo una uhakika nalo?"

Mkewe akafumbua macho, akamkodolea. "Uhakika nautoa wapi mimi? Kitabu si unacho wewe hapo?"

Fundi aliutazama ule ukungu mweupe mapajani mwake. Huu ndio ulikuwa wakati wa kusema. Uso wa mkewe ulikuwa umegeukia kwake, unangoja, una imani yote ya duniani.

"Mm," alisema Fundi, akairudisha misumari mahali pake.

*

Ikabaki wiki moja. Siku hiyo alikuja Kamanda, mlinzi wa geti la ofisi ya ardhi. Hakuna jeshi alilowahi kuliongoza isipokuwa geti lenyewe, lakini saluti yake ilikuwa kali na sauti yake ya kutikisa madirisha, na jina likamganda. Naye alikuwa kibarua, naye alikuwa na mtihani. Alivua buti moja lililokuwa limefunguka mdomo, akamkabidhi Fundi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Shemeji," alimwambia Mama watoto, "nasikia wewe unasomeshwa nyumbani kama mtoto wa mfalme. Hebu nikupime."

"Nipime. Utapimika wewe."

"Reli ya kwanza ilijengwa kwa ajili gani?"

"Kupeleka askari mpakani," alijibu Mama watoto bila kusita.

"Wapi! Kusomba madini kutoka machimboni kwenda bandarini."

"Askari."

"Madini, shemeji."

"Kamanda, nakuheshimu, lakini hapa umepotea. Mimi majibu yangu yamehakikiwa mstari kwa mstari na mtu wa kidato cha pili."

"Basi tuweke soda."

"Weka mbili! Kitabu hicho hapo. Baba watoto, mwonyeshe."

Kitabu kilikuwa mapajani mwa Fundi kama kawaida. Na misumari ilikuwa mdomoni kama kawaida. "Mm," alisema.

"Refa gani huyu anahukumu bila kutoa filimbi mdomoni?" Kamanda akacheka. "Fundi, soma tusikie wote."

"Tema misumari, baba watoto," alisema mkewe kwa furaha. "Msomee aaibike."

Fundi aliitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, polepole kuliko ilivyohitajika. Akaiweka kwenye kopo. Akakiinua kitabu, akakisogeza karibu, akakisogeza mbali. Jibu hakulijua. Alichokijua ni kwamba mkewe alikuwa amekaa pale amenyoosha shingo, akingoja kutetewa.

"Ni askari," alisema.

"Hebu." Kamanda akakichukua, akalamba kidole, akafunua kurasa, akasoma kwa ile sauti yake ya getini: "'Reli ya kwanza ilijengwa ili kusafirisha madini kutoka machimboni hadi bandarini.' Soda ya baridi, shemeji! Ya baridi!"

"Utakuwa umesoma swali jingine."

"Lenyewe hili. Haya, usinune, nakupa nafasi ya kuikomboa. Ule mto mrefu unapita mikoa mingapi?"

"Mitatu."

"Mitano. Na makao makuu walihamisha kwa nini?"

Mama watoto akasita. "Yawe katikati ya nchi..." Akamgeukia mumewe. "Au mafuriko?"

Kamanda alisoma jibu kimoyomoyo, na kicheko chake kikaishia njiani. Halikuwa hata mojawapo ya hayo. Akamtazama Mama watoto, akamtazama Fundi, ambaye alikuwa ameshika buti lake na kulielekezea uso bila kulifanya lolote. Kamanda ni mtu wa maneno mengi, lakini si mjinga. Akakifunga kitabu taratibu, akakiweka chini, kando ya kigoda.

"Soda ilikuwa utani tu, shemeji," alisema. "Buti nitalifuata kesho." Akaondoka na buti moja mguu mmoja na kandambili ya Fundi mguu wa pili, wala hakugeuka nyuma.

*

Mama watoto alikiokota kitabu, akaonyesha jalada.

"Nisomee hapa. Herufi kubwa hizi."

Fundi akaendelea kulipapasa buti.

"Nisomee, baba watoto."

"Sioni."

"Huoni nini?"

"Herufi. Sizioni. Tangu kabla hujakileta hicho kitabu."

Kulikuwa na watu wakipita njiani, na mtoto mmoja akikokota gurudumu. Mama watoto alingoja wapite.

"Na ile 'mm' ilikuwa ya nini?"

"Ya sauti yako," alisema Fundi. "Ukisema kwa uhakika, naitikia. Ukisita, nakataa. Niliona... wewe ndiye uliyesoma mchana. Niliona ukiwa na uhakika, utakuwa sahihi."

"Kwa hiyo nilikuwa najifundisha mwenyewe! Miezi yote hiyo! Mjinga na mwangwi wake!" Sauti yake ilikuwa imepanda, kisha ikakatika. "Mara ngapi nilikuwa na jibu zuri ukaniambia mm-mm nikalitupa? Eh? Mara ngapi? Mto nilisema minne, ukanishusha mitatu, kumbe ni mitano. Ungeniacha hata na minne yangu ningekuwa karibu!"

"Nisamehe."

"Ungeniambia huoni, ningemwomba Kamanda. Ningemwomba hata karani. Mimi kibarua changu ndicho tunachokula, baba watoto. Umekichezea bahati nasibu." Akajifuta uso kwa upindo wa khanga. "Tena mbele ya watu. Nimesema mbele ya watu 'mtu wa kidato cha pili.'"

Akachukua kitabu na kigoda akaingia ndani. Fundi akabaki na buti. Alilishona, maana mikono haijui kukaa, akalishona vizuri, na machozi yakamshuka asijue ayafiche kwa nani. Kilichomuuma zaidi si kufumaniwa. Ni kwamba mkewe alikuwa ameamka alfajiri na kulala amechoka, amebeba kichwani vitu vya uongo, na kila kimoja alikuwa amembebesha yeye.

Jioni chakula kiliwekwa mezani bila neno. Mama watoto alimsogezea sahani. Kisha, bila kumtazama, akaushika mkono wake akauonyesha kijiko kilipo. Fundi aliona afadhali angetukanwa.

Walikula nusu ya chakula.

"Daktari alisemaje?" mkewe aliuliza.

"Umejuaje nilikwenda kwa daktari?"

"Ile siku ulifunga kibanda mapema ukarudi na kofia ya Ijumaa. Nilidhani una mwanamke."

Fundi akamweleza: mtoto wa jicho, upasuaji, na bei. Mama watoto akalisikia lile fungu la pesa, akavuta pumzi.

"Sasa unajua watumishi wa kudumu wana bima ya matibabu?" alisema. "Wao na wenzi wao. Imeandikwa kwenye tangazo, chini kabisa. Yale maandishi madogo."

"Sikujua."

"Ungejuaje, nawe husomi."

Lilimtoka tu. Halafu Fundi akaanza kutikisika mabega, na mkewe, aliyekuwa amejiapiza kununa mpaka siku ya mtihani, akamsikia anacheka, naye akashindwa. Walicheka mpaka Mama watoto akapaliwa. Lakini alipomaliza kukohoa alisema, "Bado nimekasirika, ujue." Na kweli alikuwa bado.

*

Alasiri iliyofuata kigoda kilirudi kibandani.

"Leo nasoma mimi, wewe unasikiliza," alitangaza Mama watoto. "Na misumari yako weka kwenye kopo. Nikisikia 'mm' moja, nakumwagia gundi."

"Nisemeje sasa?"

"Uliza. Asiyeona huuliza."

Akasoma. Alikuwa hajawahi kumsomea mtu yeyote kwa sauti, na mwanzoni alijikwaa kila mstari, akashika neno kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Wapita njia waligeuka kutazama. Alitaka kunong'ona, Fundi akakataa: "Paza, sisikii." Alikuwa anasikia sana.

Na maswali! Mtu aliyenyamaza miezi yote na misumari mdomoni, kumbe alikuwa ameyaweka akiba. Reli ilijengwa kusomba madini, sawa, na watu je, walipanda? Hawakupanda? Basi walikwenda bandarini kwa nini? Kutafuta kazi. Kwa miguu, huku gari moshi linawapita? "Kitabu hakisemi," alisema Mama watoto. "Walitembea," alisema Fundi, "ndiyo maana miji yote ya njiani imeachana mwendo wa siku moja. Ulinisomea mwenyewe sasa hivi, kilomita thelathini, thelathini." Mama watoto akarudi kurasa mbili nyuma, akatazama umbali wa miji, akasema, "Ala!" Tangu hapo ile reli haikumtoka tena.

Ramani ndiyo iliyokuwa shida, kwa sababu ramani haisomeki kwa mdomo. Alijaribu kumweleza mumewe ulivyokaa mto, mkono wa kushoto, kisha unapinda, akaona anajichanganya mwenyewe. Akachukua kipande cha boksi la viatu, akaichora nchi kwa kalamu, akapitisha gundi kwenye mpaka, akaulaza uzi mnene wa kushonea viatu juu ya gundi. Mito akaiweka kwa uzi mwembamba. Milima, vipande vya ngozi. Gundi ilipokauka akamkabidhi.

Fundi aliipapasa nchi yake yote kwa viganja viwili. "Kubwa hii," alisema.

"Kubwa. Na iko ukutani kwa mkurugenzi, imejaa ukuta mzima. Nimeipangusa vumbi kila asubuhi tangu niingie pale, na sikuwahi kuona hata mto mmoja." Alisema kwa huzuni kidogo. "Huu hapa ni mkoa wa kwanza unaopitwa. Hesabu."

Fundi akahesabu mpaka mitano. Kamanda alikuwa amekuja kufuata buti lake, akasimama nyuma yao, akahesabu naye. Kila siku baada ya hapo alikuja, ati buti bado linambana, akakaa kwenye ndoo, akasikiliza.

*

Mtihani ulifanyika kwenye ukumbi wa ofisi ileile ya ardhi, ukumbi ambao Mama watoto aliupiga deki mara mbili kwa siku. Fundi alimsindikiza. Alikuwa amemng'arishia viatu mpaka akaambiwa inatosha, na uzi wa soli ulikuwa mweusi; alimwuliza jirani kwanza.

Mlangoni alikaa karani kijana mwenye orodha. Alimwona Mama watoto, akamwonyesha kwa kalamu, "Mama, leo ukumbi una watu. Vifaa vya usafi pitia nyuma."

Waliokuwa foleni waligeuka. Fundi alisikia mkono wa mkewe ukikaza ndani ya wake.

"Leo nimekuja kukaa, mwanangu, si kufagia," alisema Mama watoto, na kumpa namba yake.

Karani akaitafuta ile namba, akaiona, akaona haya. "Samahani, mama. Pita."

Fundi alingoja ukutani pamoja na wake na waume wa wengine. Walikuwa wengi kuliko alivyofikiri, na kila mmoja alijifanya anapunga upepo tu. Mkewe alitoka akiwa na wino kwenye kidole, wakashika barabara.

"Waliuliza reli?" alijaribu Fundi.

"Waliuliza."

"Ukaandikaje?"

"Majibu mawili yalinijia pamoja. La kwako na la kitabu." Alitembea hatua kadhaa. "Nimeandika la kitabu. Lakini mengine, baba watoto... kuna mengine sijui nimeandika la nani."

Usingizi wa majuma yale ya kungoja hakuna aliyeupata vizuri. Fundi alijaribu kusema "utafaulu tu," akaona hana haki ya kulisema hilo, akalimeza. Badala yake aliamka kila siku kabla yake akamchemshia chai.

*

Siku majibu yalipobandikwa, Kamanda ndiye aliyewafungulia geti. Hakupiga saluti.

"Mimi namba yangu sijaiona," alisema. "Nimetazama kutwa. Haimo."

"Kamanda!" Mama watoto akamshika mkono. "Wewe uliyekuwa unanirekebisha?"

"Kujua kibandani ni kitu kimoja, shemeji. Mle ndani nilisahau hata tarehe ya siku ile. Si kitu. Mageti ni mengi duniani." Alitabasamu, na tabasamu halikumkaa. "Yako nenda ukaisome mwenyewe. Mimi sisemi."

Mbele ya ubao watu walikuwa wamejazana. Wengine walitoka wakiruka, wengine walitoka wakitazama chini. Mama watoto alifika karibu akasimama, akaugeuzia ubao mgongo.

"Siwezi," alisema. "Nitazamie wewe."

"Mimi?"

Wakatazamana, mmoja asiyethubutu na mmoja asiyeona. Mama watoto akaachia kicheko kidogo kilichokaribia kuwa kilio. "Mungu wangu. Sisi nani katuoza?"

"Nisomee," alisema Fundi kwa upole. "Soma zote, kuanzia ya juu. Mimi niko hapa."

Akageuka. Akazisoma namba kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama alivyojizoeza kibandani, na Fundi alisimama bega kwa bega naye akizisikiliza. Zilipita nyingi. Mtu mmoja nyuma alilalamika kwamba wanaziba, wakasogea nusu hatua. Namba zikaendelea kupanda, zikaikaribia ile wanayoijua, na sauti ya Mama watoto ikawa inapungua kila namba. Kisha akaitaja. Aliitaja kwa sauti nyembamba, iliyopanda mwishoni kama swali.

Fundi hakuitikia lolote. Alikuwa ameapa kutoitikia tena kitu asichokiona.

"Ipo?" aliuliza.

"Naiona. Nimeisoma mara tatu." Akaiwekea kidole. "Naiona hapa, baba watoto, lakini siyaamini macho yangu."

"Basi tusimame hapa mpaka uyaamini."

Wakasimama. Watu waliwapita kushoto na kulia, wakawasukuma, wakawaomba wapishe, na hawakupisha. Fundi alimshika mkewe kiuno mbele ya ofisi nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya harusi, naye Mama watoto akawa anaisoma ile namba, tena na tena, mpaka sauti yake ikatua.